Nimelipia kasi zaidi, mbona programu ya duka bado yakwama?

*"Assalaam aleikum. Nauza leso na madera, duka liko Barabara ya Biashara, na jioni nafanyia hesabu nyumbani, Mji wa Kale, kwa laptopu. Mwaka jana niliacha daftari nikaanza kutumia programu ya mauzo inayofunguka kwa intaneti, nailipia kila mwezi. Tangu hapo sina raha. Ikifika saa mbili usiku inaanza kuzunguka tu, hadi saa tano ndipo itulie. Nabonyeza Hifadhi, haijibu, nabonyeza tena, kesho yake nakuta risiti moja imeingia mara mbili. Mwezi uliopita niliandika stoki ya korija kumi na mbili, jina la leso moja baada ya jingine, kazi ya karibu saa mbili nzima. Ukurasa ukajifungua upya, yote yakapotea. Nililia. Nimepandisha kifurushi kutoka Mbps 10 hadi 20, sioni tofauti. Wenye programu wasema tatizo ni mtandao wangu. Wenye mtandao wasema wao wako sawa, tatizo ni programu. Jirani asema ni kebo za baharini. Lakini kebo si zaingilia hapa hapa Nyali? Mbona sisi tulio mlangoni ndio twateseka? Nibadilishe kampuni, ninunue ruta mpya, ama nirudi kwenye daftari langu?"*

Waaleikum salaam, dadangu, na pole kwa kazi iliyopotea.

Nataka nianze hapo kabla ya nyaya na ruta, kwa sababu umeandika kana kwamba wewe ndiye uliyekosea. Hukukosea. Mtu akibonyeza Hifadhi na asione chochote, atabonyeza tena. Ndivyo tulivyo, na anayeunda programu ya duka anapaswa kulijua hilo kabla hajaandika mstari wa kwanza. Nimeingia maduka mengi hapa mjini kurekebisha mitandao, nikakuta watu wanaojua mali yao yote kwa kichwa, deni la nani na la lini, wakiniambia, "Mimi na hizi kompyuta hatuelewani." Huwa yaniuma, kwa sababu nikichunguza nakuta mara nyingi ni programu iliyoshindwa kazi yake, na lawama ikamwangukia mwenye duka.

Hao wawili wanaokurusha huku na huku, kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Kwa dalili ulizoeleza, mtandao wako una kasoro ya jioni, na programu yako haikuundwa kuvumilia mtandao wenye kasoro. Kasoro ya kwanza twaweza kuipunguza sana, pengine bila kununua kitu. Ya pili haitibiwi na kifurushi chochote, hata cha Mbps 100, na ndiyo iliyokuliza. Nitaeleza zote mbili, lakini nianze na jirani.

Jirani hakusema uongo, ila amechukua jambo la nadra akalifanya sababu ya jambo la kila usiku. Kabla ya 2009 mawasiliano yetu ya intaneti na nje yalitegemea setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu yetu, na ujumbe kwenda na kurudi ulikula zaidi ya nusu sekunde. Mwaka huo kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, SEACOM nayo ikawashwa mwaka huo huo, EASSy ikafuata 2010. Na kweli hukatika. Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS hapa hapa nje ya bandari yetu. Februari 2024 kebo kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu, na tarehe 12 Mei mwaka huo EASSy na SEACOM zikakatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, nchi kadhaa za ukanda wetu zikaathirika, Kenya ikiwemo.

Lakini kebo ikikatika utaijua kwa dalili zake. Wateja wa kampuni mbalimbali hulalamika siku moja, si wewe peke yako. Huduma zilizo na mitambo yake humu nchini huendelea vizuri ilhali za ng'ambo zinakokota. Na shida hukaa mchana na usiku, siku nyingi, hadi meli ya ukarabati ifike na kuunga. Kebo iliyokatika haiponi saa tano usiku kisha ikakatika tena kesho baada ya isha. Tatizo lenye saa yake ni foleni.

Swali lako la Nyali ni zuri, na watu wengi huniuliza kwa uchungu uo huo. Wewe ni mtu wa Mombasa, bomba la maji la Mzima unalijua. Latoka kule Taita Taveta, lapita karibu na watu ambao bado wachota maji kwa mitungi, na hata hapa mjini linakofika, mfereji wako unaweza kukauka wiki nzima ukawa wamwita mwenye mkokoteni. Bomba kubwa kupita karibu nawe ni jambo moja, na kibomba kinachoingia nyumbani mwako ni jambo jingine kabisa. Kebo ya Nyali haikupi wewe intaneti. Yawapa kampuni, nao huipeleka kwenye mitambo yao, mara nyingi hadi Nairobi, kisha huirudisha mtaani kwako kupitia waya au antena unayogawana na majirani. Kukaa karibu na Nyali hakukupunguzii chochote katika hicho kipande cha mwisho, na hicho ndicho kinachochoka watu wote wakirudi nyumbani na kufungua video kwa wakati mmoja.

Sasa kasi. Hapa ndipo ulipotoa pesa, kwa hivyo nisirukie.

Mbps, yaani megabiti kwa sekunde, ni nafasi, si wepesi. Fikiria kivuko cha Likoni. Ulipotoka 10 kwenda 20 ulikodi feri yenye nafasi mara mbili. Yasaidia ikiwa shida ilikuwa nafasi. Lakini risiti ya leso ni kitu kidogo mno, kilobaiti chache tu, hata Mbps 1 yaitosha. Risiti yako ni kama gari dogo lililokwama nyuma ya malori. Feri ikiwa kubwa zaidi, malori nayo huongezeka, na gari lako liko pale pale.

Malori ni yapi? Naona mawili. La kwanza ni video za watoto, hizo zinashuka. La pili ndilo watu hawalioni, nalo ni vitu vinavyopanda. Simu nyingi zimewekwa zisubiri Wi-Fi ya nyumbani ndipo zianze kupeleka picha za siku nzima kwenye hifadhi ya mbali. Wewe ni muuza leso, bila shaka wapiga picha za mzigo mpya kuwaonyesha wateja. Picha 40 za megabaiti 5 ni megabaiti 200. Baiti moja ni biti 8, kwa hivyo ni megabiti 1,600. Vifurushi vingi, hasa vya antena na vya laini ya simu, njia ya kupanda ni nyembamba kuliko ya kushuka. Ikiwa yako ni Mbps 5, hizo picha zaiziba kwa zaidi ya dakika tano. Na hiyo ni simu moja. Wakati huo kila unapobonyeza Hifadhi, risiti yako yasimama nyuma ya picha hizo ndani ya ruta au modemu, ambayo ina uwanja mkubwa wa kungojea. Haitupi kitu, yangojesha tu. Kwako wewe hilo ndilo duara linalozunguka.

Leo usiku, kabla ya kulipa senti yoyote, zima upakiaji wa picha kwenye simu zote za nyumbani, au upange uanze saa sita usiku. Kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta tafuta mahali pameandikwa QoS. Hapo waweza kuipa laptopu yako kipaumbele, kama ambulansi inavyopishwa kuingia feri kwanza. Kama ruta yaruhusu kuweka kikomo, kiweke kiasi cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi unayoipata kweli ukipima, kwa kupanda na kwa kushuka. Waonekana kama unajinyima, lakini foleni itahamia ndani ya ruta, na ruta ndiyo yenye akili ya kuamua nani apite kwanza. Nimewafanyia watu hivi wakadhani nimewaongezea kifurushi.

Halafu nyumba yenyewe. Nyumba zetu za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nyingine zina unene wa dhiraa nzima. Zimetupa baridi nzuri wakati wa kaskazi, lakini kwa mawimbi ya Wi-Fi ni ngome. Ikiwa ruta iko ukumbini chini na wewe wafanyia hesabu juu chumbani, mawimbi yamekufikia yakiwa hoi. Wi-Fi ya gigahezi 5 ina kasi lakini huchoka upesi ukutani. Ile ya gigahezi 2.4 hupenya kidogo zaidi, lakini ina mikondo mitatu tu isiyoingiliana, wa 1, wa 6 na wa 11, na kwenye vichochoro vyetu ambavyo dirisha laangalia dirisha, mikondo hiyo mitatu yagawanywa na nyumba kumi. Wi-Fi ni kama baraza, azungumzaye ni mmoja na wengine wangoje. Kifaa kilicho mbali na chenye mawimbi dhaifu huzungumza polepole, na kinapozungumza polepole chawachelewesha wote.

Vile vimistari vya Wi-Fi kwenye skrini, kwa hivyo, havikuambii kama intaneti ipo. Vyakuambia nguvu ya mawimbi ya ruta yanayokufikia tu. Waweza kuwa navyo vyote na nje hakuna kitu.

Dawa yake ni waya. Waya wa mtandao wa kawaida hufika mita 100 bila shida, na kutoka ukumbini hadi chumbani ni mita 15 au 20. Upitishe kando ya ngazi, uchomeke kwenye laptopu, na kama wataka Wi-Fi huko juu, funga kifaa kidogo cha Wi-Fi mwisho wa waya huo. Vile virudia mawimbi vya kuchomeka kwenye soketi sivipendi kwa nyumba yako. Vyasikia mawimbi yaliyokwisha choka, kisha vyayarudia, na kwa vingi vya bei nafuu nusu ya nafasi hupotea hapo.

Haya yote hata hivyo ni dhana mpaka upime, na kupima ndiko kutakakokutoa kwenye huo mchezo wa kurushwa. Saa mbili usiku, shida ikiwa imeanza, fungua kwenye laptopu kile kidirisha cheusi cha amri (Command Prompt). Andika *ping* kisha namba ya ruta yako, imeandikwa kwenye kibandiko nyuma yake, mara nyingi 192.168.1.1. Utaona majibu kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde. Yakiwa chini ya 10 na hayakosekani, nyumba yako ni salama. Yakirukaruka hadi 200, au mengine yasirudi kabisa, tatizo ni Wi-Fi yako, na kampuni ya mtandao yasema kweli. Kisha andika *ping 1.1.1.1*, hiyo ni anwani iliyo nje ya nyumba. Ikiwa ya kwanza ni nzuri na hii ya pili ni mbaya, zima zile simu na video zote kwa dakika tano ujaribu tena. Ikipona, malori yalikuwa yako. Isipopona, shida ni ya kampuni, na sasa una ushahidi. Mwisho, washa data ya simu, uiunganishe laptopu nayo, ufungue programu yako. Ikizunguka hata huko, kwenye njia tofauti kabisa, wenye programu hawana tena pa kukutuma.

Fanya hivyo siku saba, uandike saa na namba. Yaani daftari lako bado lina kazi.

Sasa tufike kwenye programu, kwa sababu kama nilivyosema, hapa ndipo machozi yalipotoka.

Risiti mbili zatokeaje? Chukulia wamtuma kijana kwa fundi wa kushona, na maneno: "Nishonee dera moja la kijani." Kijana amefika, amesema, fundi ameandika na ameanza kukata kitambaa. Kijana akarudi kukuambia "amepokea", njiani akapotea. Wewe wangoja, wangoja, hujui kama alifika au la. Wamtuma mwingine na maneno yale yale. Fundi naye akashona dera la pili. Nani amekosea hapo? Si wewe, si fundi, wala si vijana. Kilichokosekana ni namba. Lau ungempa kijana wa kwanza karatasi yenye namba 57, na wa pili karatasi ile ile yenye 57, fundi angesema, "Hii nimeshaipokea, mwambie iko tayari."

Hivyo ndivyo programu nzuri hufanya. Kabla risiti haijaondoka kwenye laptopu yako hupewa namba yake ya pekee, na hata ukibonyeza Hifadhi mara kumi, upande wa pili huitambua na kuiandika mara moja tu. Huu si utaalamu mpya wala wa gharama. Na kitufe chenyewe kilipaswa kulala baada ya kubonyezwa mara ya kwanza, kikuonyeshe "yatumwa", kisikuache ukikitazama.

Stoki iliyopotea ni kosa la aina nyingine. Ulichokiandika kwa muda wote ule hakikuwa kimeondoka kwenye ukurasa. Kilikuwa kimekaa kwenye kumbukumbu ya muda ya kivinjari, mahali ambapo ukurasa ukijifungua upya pafutika pote. Huenda ilikuwa muda wako wa kuingia umekwisha, huenda laptopu ilihama kutoka Wi-Fi kwenda data ya simu na programu ikakuona mgeni. Vyovyote iwavyo, programu ya duka iliyoundwa vizuri huhifadhi kila mstari kwenye kifaa chako unapouandika, kisha huupeleka mbali mtandao unaporuhusu. Mtandao ukikatika wewe waendelea kuuza, nayo yaweka. Mtandao ukirudi, yapeleka. Tena kuna umbali. Nuru ndani ya uzi wa kebo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo ujumbe kufika Nairobi na kurudi ni milisekunde chache, ilhali kufika Ulaya na kurudi yapita 100. Programu ambayo mitambo yake iko Ulaya, na ambayo kila ukurasa wake huenda na kurudi mara 30 ndipo ufunguke, imeshakula sekunde tatu kabla foleni ya jioni haijaongezwa juu yake.

Waandikie wenye programu, kwa maandishi, si kwa simu. Waulize: je, kila risiti hupewa namba ya pekee kwenye kifaa changu kabla ya kutumwa? Mtandao ukikatika, naweza kuendelea kuuza na kazi yangu ikabaki? Naweza kupakua rekodi zangu zote kwa faili la Excel wakati wowote? Mitambo yenu iko wapi? Jibu la kueleweka ni dalili njema hata kama si kamili. Wakikujibu tena "ongeza kasi ya intaneti", basi hama, lakini hama baada ya kupakua rekodi zako. Hilo la kupakua lifanye hata leo, na ulirudie kila Ijumaa.

Wakati wangoja, usiandike stoki ndefu moja kwa moja kwenye ukurasa wa intaneti. Iandike kwenye Excel ndani ya laptopu, uhifadhi, kisha uipakie au uinakili. Duara likizunguka baada ya Hifadhi, usibonyeze tena. Fungua orodha ya risiti kwenye dirisha jingine utazame kama imeingia. Ni ile tabia uliyonayo tayari kwenye M-Pesa, kwamba ujumbe ukichelewa watazama salio kwanza, hutumi pesa mara ya pili kwa pupa.

Kwa hivyo, kubadilisha kampuni? Bado. Badilisha ikiwa kipimo cha pili kimekuwa kibaya siku saba na umewapelekea namba zako wakakaa kimya. Ukibadilisha, waulize majirani wa kichochoro chako hicho hicho, si rafiki wa Bamburi, kwa maana kipande cha mwisho ndicho chenye tofauti. Usilipe mwaka mzima, lipa mwezi. Starlink ipo Kenya tangu Julai 2023, na setilaiti zake ziko kilomita 500 hivi juu, si zile za mbali za zamani, kwa hivyo majibu yake si mazito. Lakini yahitaji anga wazi pande nyingi, na kati ya maghorofa ya Mji wa Kale hiyo ni juu ya paa tu. Kwa risiti zako naona ni gharama isiyo na sababu. Afadhali bando dogo la data kwenye laini ya kampuni nyingine, likae tayari kwa siku mbaya.

Ruta mpya nayo isubiri waya. Kitu ambacho ningenunua kabla yake ni betri ndogo ya ruta, ile ya volti 12. Umeme ukiyumba nukta moja tu, ruta huzima na kuwaka upya, na kuwaka kwake ni dakika mbili tatu. Watu wengi huziita dakika hizo "mtandao kupotea". Kifurushi cha 20 waweza kukirudisha 10 mwezi ujao, uone kama utahisi.

Yapo mambo usiyafanye mwenyewe. Taa ya LOS kwenye modemu ikiwaka nyekundu, uzi wa kioo umekatika au umekunjwa kupita kiasi, hapo ni fundi wa kampuni tu. Ikiwa wapokea kwa antena ya juu ya paa, mtake afungue viungio vyake atazame, kwa sababu hewa yetu ya chumvi hula chuma na shaba taratibu, na mvua ya masika ikiingia humo mtandao huwa na homa za vipindi. Ukisikia harufu ya kuungua, au adapta ikiwa moto mpaka huwezi kuishika, ichomoe na umwite fundi umeme. Nyaya za nyumba zetu kongwe si za kuchezea. Na kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kabla ya kutoboa ukuta wa mbele kwa ajili ya waya au antena, ulizia kwanza ofisi ya uhifadhi. Kampuni ya mtandao ikipuuza malalamiko yako ya maandishi, peleka nakala na namba zako kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Huhitaji wakili.

La mwisho lahitaji mtu wa kukaa naye meza moja, nalo ni zile risiti mbili mbili. Zikiwa zimeshaingia kwenye hesabu, zaonyesha umeuza usichouza, na huenda ukalipia kodi ya leso ambayo bado iko kwenye rafu. Usizifute mwenyewe. Pakua orodha ya miezi yote tangu uanze kutumia programu, utie alama zile zenye mteja, kiasi na saa zinazokaribiana, na umpelekee mhasibu wako akuonyeshe namna ya kuzirekebisha kisheria. Kama umesajiliwa kwa VAT, nenda kabla ya tarehe 20 ya mwezi, ambayo ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani.